Onyo la Ojuang'

Saa tisa. Mvua ya Vihiga haikosei saa.
Ikatua juu ya mabati ya ofisi ya chama,
nami nimekodoa macho, programu ya malipo inatambaa:
dakika arobaini na moja
kujumlisha kilo za majani ya mwezi mmoja,
na kule nje wakulima wamejikunyata kwenye banda la mizani
wakiulizana kama pesa zitaingia simuni
kabla duka la mbolea halijafungwa.

Nilidhani ni umeme.
Nikadhani ni seva, kuukuu kama kinu cha bibi.
Mwishowe nikaweka saa kwenye kila mstari,
kama apimaye homa nyumba kwa nyumba,
na homa nikaikuta nisipoitarajia,
ndani ya sentensi yenye adabu zake
ya Ojuang', aliyekikalia kiti hiki kabla yangu:
"Njia hii ya kukadiria bei imepitwa na wakati. Tumia mpya."

Maneno kumi.
Sikuwahi kuyaona kwenye kioo hata siku moja.
Paithoni huyameza maonyo ya namna hii, isipoombwa iyateme.
Lakini kumeza nako ni kazi.

Chukua Asava, bawabu wetu.
Meneja kamwagiza: waambie watu
lango hili litafungwa Desemba, wazoee la chini.
Asava hapendi kumwambia mtu jambo mara mbili.
Basi kila ajaye humsimamisha,
amuulize katumwa na nani,
na huyo aliyemtuma alitumwa na nani,
apande naye ukoo mzima hadi mlango wa kwanza,
afungue daftari, alambe kidole, afunue kurasa,
akute: huyu nilishamwambia.
Afunge daftari.
"Pita."

Hajasema kitu,
na foleni imefika barabarani.

Ndivyo ilivyokuwa humu ndani.
Kilo kumi na tatu za Mama Kageha, simama.
Kilo saba na nusu za mwanawe, simama.
Mara laki sita kitanzi kilipita mbele ya daftari,
mara laki sita, kasoro moja, daftari likanyamaza,
na kila kimya kikatozwa ushuru uleule.

Nilitaka kulifuta onyo. Kidole kilikuwa tayari.
Nikaona haya kidogo, nikampigia Ojuang' huko Kisumu,
nikamsomea kesi yake yote, sauti juu ya mvua.
Akacheka. Nilisikia kijiko kikigonga kikombe.
"Imali," akasema, "mimi nililiandika mlangoni, mara moja.
Nani kaliingiza kitanzini?"

Nikafungua kumbukumbu za mabadiliko.
Tarehe: wiki ile ya bonasi, usiku wa manane.
Jina: langu.

Sikumwambia. Nadhani alijua.

Nikalibeba lile onyo kwa mikono miwili,
nikalirudisha kizingitini, kabla ya kilo ya kwanza,
lisemwe programu inapoamka,
kwa sauti, juu kabisa ya kumbukumbu ya siku,
kisha linyamaze kimya cha bure.
Hesabu yenyewe nikaichimbia njia ya ndani
isiyopita kwa bawabu.

Dakika tatu. Sikuamini, nikarudia. Dakika tatu.
Kwenye banda la mizani simu moja ikalia,
halafu nyingine, halafu zote,
na watu wakatoka mvuani bila kuingoja ikatike.

Tangu hapo, kila mwisho wa mwezi,
mstari wa kwanza kabisa huniamkia:
njia hii imepitwa na wakati.
Nausoma hadi nukta.
Najibu, mwezi ujao, Ojuang', haki ya Mungu,
kisha nabonyeza, nayo njia ya zamani
inakimbia kama mpya.

Jioni nikitoka, Asava hunisimamisha.
Hulamba kidole.